Shingo au Paja

Mashine ililia kwa mara ya tatu, na yote aliyokuwa ameandika Sharifo yakafutika mbele ya macho yake.

"Rudia," mtaalamu kutoka Nairobi, aliyeitengeneza programu ile, alisema bila kuinua kichwa kwenye ripoti aliyokuwa akiandika. "Namba ya mnyama ina tarakimu kumi na moja. Ukikosea moja, unaanza upya. Si jambo gumu."

Si jambo gumu! Sharifo alimtazama mzee Dagane, aliyekuwa akimtajia namba kwa kukumbuka tu, amesimama ng'ambo ya meza, fimbo mabegani, vumbi la njia ya Kutulo limemjaa mpaka kwenye kope. Mzee alikuwa ametembea siku mbili mpaka hapa Takaba na ngamia wake kumi na wawili, wote wamechanjwa, na sasa walikuwa wakimngoja kisimani huku yeye akingoja cheti. Mwaka ule wa tisini na nane, baada ya ile mvua kubwa na maradhi iliyoyaleta, mnyama asiye na cheti hakuwa na mnunuzi, si Elwak, si Garissa. Cheti kilikuwa ndani ya kompyuta ya mradi wa mifugo, na kompyuta ilitaka namba.

"Adeer, mzee wangu, ile karatasi ya namba waliyokupa wachanjaji iko wapi?" Sharifo akamwuliza kwa Kisomali.

Dagane alimgeukia mtaalamu, akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni ili mwenye mashine asikie mwenyewe. "Karatasi mbuzi nakula."

Watu waliopanga foleni mlangoni wakaangua kicheko. Mtaalamu hakucheka. Akasema mzee atafutwe kwa jina. Sharifo akaandika, akabonyeza, na skrini ikaleta kina Dagane Abdille kumi na tisa, wote wamezaliwa tarehe mosi Januari. Nani mfugaji aliyezaliwa akakuta kalenda ukutani? Lakini programu ilitaka tarehe, basi makarani wakaipa tarehe.

Mtaalamu akaandika tena kwenye ripoti yake. Sharifo alikuwa amefanya kazi ya ukarani miaka sita, na karani hujifunza kusoma karatasi iliyogeuzwa. Akasoma: *Watumiaji wa kituo hiki hawana uwezo. Mashine irudishwe Garissa.*

Moto ukampanda kifuani. Aliliona boksi tupu la kompyuta pale pembeni, lile alilodhani lilikuja na vipuri. Kumbe! Mtu alikuwa amekuja na jeneza kabla hajampima mgonjwa. Mashine ikiondoka, mfugaji wa hapa Takaba atapanda lori siku mbili kufuata cheti Garissa, ngamia wabaki na nani? Naye Sharifo, aliyesomea kompyuta miezi sita kwa shida, atarudi kukaa bure nyumbani.

"Injinia," akasema, "hawana uwezo akina nani?"

Mtaalamu akafunika karatasi kwa kiganja. "Usichukulie vibaya, dada. Programu hii inatumika vizuri kwingine. Watu wa huku bado hawajazoea."

"Hawajazoea!" Sharifo alivuta droo, akalitupa mezani daftari la shule lenye jalada lililochakaa. "Soma. Miezi minane naandika kila anayekwama mahali hapa, na amekwama wapi. Huyu ameulizwa namba, akatazama mlango. Huyu ameulizwa namba, akakasirika, akaenda zake. Sasa hesabu waliochora kwa kidole juu ya meza."

"Waliochora nini?"

"Chapa! Ile alama anayochomwa ngamia kwa chuma cha moto. Ukimwuliza mtu wa hapa mifugo yake ni ipi, anakuchorea chapa. Wachanjaji wetu wanajua, ndiyo maana wanaichora pembeni mwa fomu. Wewe kwenye programu yako hukuiwekea hata kijumba cha kuijazia."

Mtaalamu alilifungua daftari, akalifunga. "Dada, kompyuta si mchanga wa kuchorea."

Hapo ndipo Sharifo alipofanya kitu ambacho hata yeye hakujua angekithubutu. Alizunguka meza, akamwondoa mtaalamu kwenye kiti kilichomzuia mzee kusogea, kama mtu anavyomwondoa mgeni aliyekalia mkeka wa sala.

"Nakuomba kitu kimoja. Kaa pale. Usiseme neno, usimwonyeshe kwa kidole, usimsaidie. Tazama tu."

Akarudi kwenye mashine, akaigeuza skrini mzee naye aione, akakifungua kitu alichokuwa amekificha ndani ya mashine tangu Ramadhani, alichokitengeneza alasiri baada ya alasiri kwa kile kitabu kinene cha maelezo ambacho hakuna aliyewahi kukigusa. Skrini ikajaa chapa arobaini: msalaba, mwezi mchanga, fimbo mbili, jicho, mguu wa ndege. Zilikuwa zimepinda kidogo, maana mkono wake haukuwa umeizoea mausi ya kompyuta. Lakini zilikuwa chapa.

"Adeer, mifugo yako iko wapi hapa?"

Dagane aliinama. Hakuigusa mausi, hakujua hata kama ni kitu cha kuguswa. Akaweka kidole chenye kucha nene juu ya kioo, kwenye fimbo mbili.

"Hii."

Foleni ikanguruma kwa furaha. Sharifo akabonyeza pale pale kilipokuwa kidole, na orodha ikafunguka. Akaisoma kwa sauti. "Ngamia ishirini na wanane."

Dagane akakunja uso. "Wangu ni kumi na wawili. Hawa wengine ni wa nani?"

Sharifo akaihesabu orodha upya.

Mzee akaanza kueleza kwa Kisomali, polepole, kama anavyoelezwa mtoto aliyepotea malishoni. Fimbo mbili zikiwa shingoni ni za watu wake. Fimbo mbili zikiwa pajani ni za watu wa hapa Takaba. Kila mtu anajua. Hata ngamia anajua! Chapa bila mahali pake ni nusu ya neno.

Na yeye, Sharifo binti Hirsi, aliyelea ngamia mpaka alipopelekwa shule, alikuwa ameyaona hayo maneno *shingo* na *paja* kwenye fomu za wachanjaji, akayaruka kwa kuona hayana haja. Aibu ilimchoma, na hakuificha.

Mtaalamu alikuwa ameshasimama, anatabasamu. "Umeona, dada? Hata yako imekosea."

"Nimeona," Sharifo akasema. "Ndiyo maana nimemwita. Wewe, ulipokuwa ukiitengeneza yako, ulimwita nani?"

Nje, jenereta ilikuwa ikipiga kelele zake za kila siku. Mtaalamu aliitazama foleni ile ndefu ya watu wenye fimbo na vilemba.

Sharifo hakumngoja. Alishusha faili la fomu za wachanjaji kutoka kabatini, akazitoa moja moja zile ishirini na nane za kwenye orodha, akatenga za shingo na za paja, akazihesabu mbele ya mzee. Shingo, kumi na wawili. Akaziandika zile namba ndefu yeye mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, na safari hii mashine haikulia. Printa ikakwaruza, ikatoa cheti. Dagane akakikunja mara nne, akakitia ndani kabisa ya kilemba.

"Huko mbuzi hafiki," akasema, na hata mtaalamu akacheka kidogo.

Lakini mzee hakuondoka. Alikuwa amechoka kusimama, basi alijikalia juu ya lile boksi tupu, nalo likabonyea chini yake mpaka sakafuni. "Chora ngamia," akamwamuru Sharifo. "Mzima. Na kichwa. Nikuonyeshe zote."

Daftari lilikuwa limejaa. Sharifo alinyosha mkono, akaivuta ripoti kutoka mbele ya mtaalamu, akaigeuza upande usioandikwa, kisha akaichukua kalamu vidoleni mwake. Akachora ngamia kutoka kichwani hadi mkiani. Foleni ikavunjika, watu wakaizunguka meza, kila mmoja akitia kidole mahali pake: shavuni, shingoni, begani, pajani, kulia, la, kushoto, wallahi kushoto!

Nje dereva wa mradi, aliyekuwa akimngoja mtaalamu, akapiga honi. Akapiga tena.

Mtaalamu alisimama kati ya mabega ya watu, shingo ameinyosha apate kuona, mkononi amebaki na kifuniko cha kalamu.