Vema za Baba Mkwe

Mwalimu Phineas Kombe alikuwa amechoka, wala si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Kutwa alifundisha watoto wa misheni pale Changamwe, na jioni, wenzake wakienda kuoga na kubarizi, yeye alirudi darasani kuwasomesha watu wazima Kiingereza. Makuli, watu wa reli, mpishi mmoja wa Mzungu, wote na vibao vyao na chaki, wote na makosa yale yale. Mambo ya jana wakayaandika kana kwamba yanatendeka sasa hivi. Mtu mmoja wakampa kitenzi cha watu kumi. Phineas alikata, akaeleza, akakata tena, na kesho yake makosa yalikuwa yamerudi pale pale, yameketi.

Hayo angeyavumilia. Lililommaliza ni mtu wa benchi la mbele, Mzee Mwarandu, baba yake Nyevu. Na Nyevu ndiye mkewe Phineas.

Jamani, mtu umelelewa Rabai, umefundishwa tangu mdogo kwamba mkwe humtazami usoni, huli mbele yake, ukimwona njiani unapisha. Leo aketi mbele yako na kibao, useme nini? Umwambie, "Baba, umekosea," na watu wanasikia? Phineas hakuweza. Kibao cha mzee alikipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akatia alama ya vema.

"Yesterday the bags is go to the store," mzee kaandika siku moja. Magunia mengi kayafanya moja, na ya jana kayaleta leo. Phineas akatia vema.

"Ahsante, mwalimu," akasema mzee, na benchi zima likamwonea gere.

Laiti ingekuwa ni kujifurahisha tu! Mwaka ule, vita vimekwisha, bohari moja karibu na stesheni ilitaka karani Mwafrika. Mzee Mwarandu alikuwa nyapara wa makuli hapo, na mgongo wake ulikuwa umekwisha. Bwana mkubwa alimwambia wazi: ashinde mtihani wa Kiingereza akalie kiti cha karani, au arudi kwao akapumzike. Akapumzike na nini? Kwao Rabai alikuwa na mke mgonjwa na minazi yenye kesi.

Phineas alijaribu hila. Aliyachukua makosa ya mzee, akayaandika ubaoni bila jina, akaliambia darasa liyatafute. Wacha we! Mzee Mwarandu alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Lo! Nani huyu kaandika upuzi huu? Absalom, si wewe?"

Absalom alikuwa kijana wa Maragoli, kuli wa bohari hiyo hiyo, mchapa kazi, mwenye mdomo. "Mimi makosa yangu kila mtu anayajua, mzee. Ningepata vema zako ningelala usingizi."

Watu wakaangua kicheko. Phineas akafuta ubao.

Nyumbani alimwambia mkewe, "Nyevu, mwambie wewe babako. Kiingereza chake bado kabisa."

Nyevu alikuwa akikuna nazi, wala hakuinua kichwa. "Nimwambie nini, na mimi hata herufi a siijui? Nikaseme mume wangu ananiambia wewe hujui kitu? Mwalimu ni wewe."

"Mimi ni mkwe wake."

"Basi chagua, Phineas. Na uchague kabla ya mtihani, si baada yake."

Phineas akajilaza mkekani na viatu vyake miguuni. Hakuchagua. Alijiambia kesho, na kesho ilipofika alikuwa hoi, akatia vema.

Mtihani ukafanywa, na kiti kikaenda kwa Absalom.

Jumapili, watu wametoka kanisani, Mzee Mwarandu alikuja nyumbani kwa Phineas, na hajapata kukanyaga hapo tangu amwoze binti yake. Phineas alitoka mbio, kiti mkononi, macho chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Kiti hakukikalia. Alibaki amesimama, mkono mmoja kiunoni. "Bwana alizisoma sentensi zangu mbele ya makuli wangu. Akakata hii, akakata na hii. Nikambishia, Phineas. Miaka yote sijabishana na Mzungu, lakini siku ile nilibishana. Nikamwambia, uliyekosea ni wewe, bwana. Mwalimu wangu hawezi kuniacha niaibike. Huyo nimempa mtoto wangu."

"Baba, niliona haya. Nilikuwa nakuheshimu."

"Najua." Mzee alisema polepole, hana hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Wale wengine wote uliwakata. Ukawakemea, wakanuna, wakajua. Mimi peke yangu ndiye uliyeniacha."

Phineas alitaka kusema nisamehe. Alitaka kusema aje kesho waanze upya, sentensi kwa sentensi, bila kuoneana haya. Lakini kuanza upya kwa ajili ya kazi gani tena? Kwa mara ya kwanza tangu aoe alimtazama mkwewe usoni, akaona macho mekundu, hayajalala.

"Niitie Nyevu," akasema mzee. "Gari la Rabai halingoji, nami nataka kumuaga."