Wanja wa Somo

Samiha alikuwa hatulii. Mara kitandani, mara ajifungie chooni atie dawa ya matone machoni, mara arudi dirishani kusoma bango la duka la simu ng'ambo ya barabara. Alilisoma mpaka zile nambari ndogo za chini. Siku nne nyuma asingeliona hata bango lenyewe, kwani tangu darasa la tatu alikuwa mtu wa miwani, vioo vyake vinene kama vitako vya chupa.

Jumatatu alivuka kivuko akaenda kliniki kisiwani, akapigwa leza macho yote mawili, akarudi zake Likoni. Hakujua mtu ila mamake. Jamaa wangesemaje, bibi harusi kwenda kuchomwa macho wiki ya harusi? Hao hao wangemzulia upofu. Basi akawaambia miwani imevunjika, wakamwonea huruma, naye akazipokea huruma zao bila haya.

Lakini leo ndiyo Ijumaa, na jioni ni kupambwa mbele ya wanawake. Kupambwa hakuna bila wanja, na daktari alikuwa amekataza: wiki mbili jicho lisiguswe, lisisuguliwe, wala lisitiwe wanja, kidonda bado kibichi, ukiingia uchafu laweza kuharibika.

"Mama, mwambie somo wewe."

"Siri yako, ulimi wako," mamake akajibu, akatoka.

Akaingia Bi Mahfoudha, somo yake, aliyemfunda mambo ya ndoa na kumsinga mwili kwa liwa, kama alivyomfanyia mamake. Nusu ya maharusi wa mtaa ule wametoka mikononi mwake, na usipokumbuka atakukumbusha. Tangu Jumatatu Samiha alikuwa akimkwepa, kila akiitwa husingizia kichwa.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo huku penye mwangaza. Funga mato."

Samiha hakuyafunga macho. Maneno aliyoyapanga tangu alfajiri yalimruka yote, akabaki kukitazama kijiti cha wanja kikitafuta mdomo wa kichupa. Kikagonga ubavuni. Kikagonga tena. Mara ya tatu somo aliupapasa mdomo kwa kidole, ndipo kikaingia. Kisha kikaja usoni kwake, kikatua shavuni.

Wiki iliyopita, alipokuwa akisingwa, miwani ilikuwa imevuliwa na uso wa somo ulikuwa ukungu mtupu. Leo aliuona. Katikati ya mboni zote mbili palikuwa na weupe kama maziwa. Mtoto wa jicho, tena amekomaa.

Akamshika mkono. "Somo, nimefanyiwa operesheni ya macho. Sitakiwi kutiwa wanja. Nilikuficha."

Bi Mahfoudha alikunja uso. "Nilikufunza nini mimi? Mficha uchi hazai."

"Na wewe, somo? Huyo mtoto wa jicho, unaye tangu lini?"

Somo akageukia mlangoni, maskini, akitega sikio kama yuko aliyesikia.

"Huu mwaka wa pili," akanong'ona. "Nani atanipa bintiye nimsinge, mimi kipofu?"

Samiha alimwonea uchungu, na kulia akaogopa kwa ajili ya macho yake.

"Jumatatu narudi kwa daktari kutazamwa," akasema. "Na mimi nitakuwa bado ndani ya fungate. Mwari wa fungate hatoki bila somo yake. Ndiyo mila, au nimekosea?"

Bi Mahfoudha aliufuta wanja ule shavuni kwa ncha ya leso, taratibu, kwa kupapasa.

"Hukukosea," akasema mwisho. "Tutakwenda, tutazamwe sote."

Mamake akachungulia. Wageni walikuwa wameanza kuingia uani. "Wanja bado, Bi Mahfoudha?"

"Mwari wangu hatiwi wanja leo," somo akajibu kwa sauti yake ya kazi, ile ambayo hakuna mtu Likoni aliyewahi kubishana nayo. "Nimekataa mimi. Mwenye neno na aje kwangu."

Na chini ya leso, mkono wa Samiha hakuuachia.