Bu Wiryo wa Chumba cha Nyigu

Jumanne, tarehe 21 Aprili 2015, Siku ya Kartini, sikukuu ya wanawake, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Mzee Wiryo alifika kwenye kituo cha utafiti wa miwa, nje kidogo ya mji wa Kediri, Java, amevaa batiki aliyoivaa mara ya mwisho kwenye msiba wa mkewe, na picha ya marehemu ameikumbatia kifuani. Alikuwa amepigiwa simu aje kupokea ngao. Kitabu cha wanawake wanasayansi wa mkoa kilikuwa kinazinduliwa, na yeye akajua ngao hiyo ni ya mkewe, Lasmini. Ya nani mwingine?

Uani, wanaume wa ofisini walikuwa wamejifunga aproni wakishindana kukaanga wali, na wanawake, wamebanwa na kebaya, blauzi zao za sikukuu, wakiwazomea. Hiyo ndiyo heshima mwanamke anayopewa na wakubwa kila mwaka: wali ulioungua. Mzee akapita bila kumwamkia mtu, akaingia ukumbini.

Lasmini alikuwa msomi wa wadudu. Alizalisha nyigu wadogo kama vumbi, wanaotaga ndani ya mayai ya nondo na kuua kiwavi wa miwa kabla hajazaliwa. Wilaya nzima iliacha kupiga dawa kwa sababu yake. Wiryo, dereva wa lori la miwa aliyeishia darasa la nne, alikijua chumba cha nyigu kwa vumbi la mabawa ya nondo alilorudi nalo mkewe kwenye nywele. Vumbi hilohilo ndilo lililomla mapafu. Kila Lasmini alipoomba feni ya kutoa hewa, wakubwa walijibu bajeti haijapita. Alizikwa, feni haijapita.

"Sasa tunamwita," kipaza sauti kikalia, "rafiki mkubwa wa wanawake, bingwa wetu mstaafu wa ufugaji wa nyigu, Pak Wiryo!"

Makofi. Mzee akageuka kutazama ni Wiryo yupi huyo.

"Ni wewe, Pak, karibu," alisema Daktari Tiurma, mwandishi wa kitabu, huku akimnyooshea ngao kwa mkono mmoja, kipaza sauti mkono wa pili.

"Mimi? Mimi nimegundua nini, breki za lori?"

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. Akakichukua kitabu mezani, akakifunua kwa kidole kilicholowa mate, sura baada ya sura za wanawake, mpaka jalada la nyuma.

"Mke wangu mmemweka wapi?"

"Mkeo, Pak? Kwani naye alifanya kazi hapa?"

Kwetu Java kijana akioa hupewa jina la ukubwani, na mkewe huitwa kwa jina hilohilo. Mzee huyu, aliyezaliwa Paimin, akawa Pak Wiryo, yaani Bwana Wiryo, na Lasmini akawa Bu Wiryo, yaani Bibi Wiryo. Kwenye ripoti wakubwa waliona hata hiyo "Bu" inajaza nafasi bure, wakaandika Wiryo tu. Sasa Tiurma ni Mbatak, mtoto wa Medan kule Sumatra, na huko mwanamke hubaki na jina la ukoo wa baba yake mpaka anakufa. Miaka mitatu alisoma ripoti zote za kituo, na kila alipokuta Wiryo, alimhesabu mwanamume.

Alipoelewa, uso ulimshuka. "Mungu wangu. Vitabu vimeshapakiwa vinakwenda mashuleni. Naweza kuyazuia magari, Pak, lakini mkurugenzi atataka shahidi. Kuna aliyefanya naye kazi ambaye yu hai?"

"Yule pale, anapepewa."

Hardiman, mkurugenzi wa zamani, alikuwa amekaa mstari wa mbele. Kwenye kila ripoti ya nyigu jina lake ndilo lililotangulia, Wiryo likafuata. Kwa nyigu hao alipanda cheo, akajengewa nyumba, na barabara ya kituo ikapewa jina lake.

Mzee akamwekea picha mapajani. "Mtaje huyu."

Hardiman akaitazama kama anayetazama risiti ya mtu mwingine. "Zamani sana, Pak. Wasaidizi walikuwa wengi."

"Msaidizi?"

"Wiryo namkumbuka, mchapakazi. Sura ndiyo siipati."

"Umekula jasho la mikono yake miaka ishirini, sura huipati!"

"Taratibu, Mzee. Na wewe ulikuwa wapi? Jina ni lako, nasikia ulitembea nalo sokoni kifua mbele." Waliokaa karibu naye wakaguna kwa kicheko. "Leo limekuwasha?"

"Nyumbani nilimpa jina langu. Kwenye karatasi mlimfuta nyinyi. Usinichanganyie."

Mkurugenzi mpya akainuka kumshika bega. "Pak, tupige picha kwanza, haya tutayazungumza ofisini."

"Ofisini ndiko mlikomuua huyu!" Mzee akaukung'uta ule mkono, akamnyang'anya Tiurma kipaza sauti. Nje dereva wa gari la kwanza la vitabu alikuwa ameshawasha injini. Tiurma akakimbilia dirishani, akampungia asubiri, kisha akageuka kumtazama Hardiman, na ukumbi mzima ukamgeukia vilevile.

"Haya, Hardiman," mzee alisema. "Sura umesahau, sawa. Lakini kila asubuhi ulifungua mlango wa chumba cha nyigu ukatoa salamu kabla hujaingia. Waambie hawa: ulikuwa unamwamkia nani, Pak Wiryo au Bu Wiryo?"