Siku Tuliyokuwa na Makochi

Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mnitukane. Aliyeazima makochi ni mimi. Si wifi yangu, si mtoto, ni mimi, kwa kiherehere changu na mdomo wangu huu usio na breki.

Sisi tunagonga kokoto. Unakaa chini kutwa nzima, unalibana jiwe kwa pete ya mpira wa tairi, unaligonga kwa nyundo mpaka liwe vipande vya kutengenezea zege, unajaza debe, unaanza tena. Maghorofa yote mnayoyaona mjini yamepita mikononi mwetu, na sisi tunalala chumba kimoja cha mabati: mimi, wifi na binti yake. Kaka yangu, mume wa wifi, alikuwa anachimba juu. Siku moja gema, ule ukuta wa mwamba, likamwangukia. Mwenye machimbo akasema hamjui, jina lake halimo kwenye daftari. Miaka kumi na mmoja mtu anakupasulia mwamba, leo amekufa ndiyo humjui! Hata sanda hakutoa. Hapo ndipo tulipozama.

Binti tunamwita Nesi. Tangu mdogo, akitoka shule alikuwa anapita machimboni na kitambaa safi na maji ya chumvi, anatuosha vidole tulivyojigonga. Wanaume wazima wanaolipua baruti bila kupepesa macho walikuwa wanamlilia, "Taratibu, Nesi, taratibu!" Mwaka huu akamaliza shule, akafaulu vizuri, akapata nafasi chuo cha uuguzi. Karo ndiyo hatukuwa nayo, hata ya kuota. Lakini kuna mfuko unaosomesha watoto. Mimi nilijua wanatafuta wenye akili, basi. Nesi akajaza fomu, akafanya usaili, akapita. Likabaki jambo moja tu: mtu wa mfuko aje nyumbani atuone, Alhamisi saa nne asubuhi.

Atuone. Neno hilo nililisikia nilivyolisikia mimi. Nilisikia kwamba wanakuja kutupima, kama mtoto anatoka kwa watu wa maana au kwa watu wa ovyo. Msishangae. Mimi niliacha shule darasa la nne kwa ajili ya viatu. Mwalimu alinisimamisha peku mbele ya wenzangu, akawaambia wanitazame miguu, na sikurudi tena. Na kwenye msiba wa kaka watu walikalia mawe, nikamsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Hawa hata kiti cha kumkalisha mtu hawana." Nilikuwa na maiti ndani, sikumjibu. Lakini niliapa.

Basi Jumatano nikamwuliza wifi, "Mgeni wa Nesi atakaa wapi? Kwenye ndoo?"

Wifi yangu ni mpole mpaka anaudhi. Akasema, "Si tuigeuze tu, tuitandike kitambaa?"

"Mwanamke wewe! Unataka mtoto akose chuo kwa sababu ya ndoo?"

Nikatoka. Fundi makochi alikuwa na seti ya mteja, bado imefungwa nailoni. Nikambembeleza mpaka akachoka, akakubali. "Saa mbili tu, dada, na asikalie mtu mwenye matope." Kwa muuza mitumba nikachukua zulia. Kwa kinyozi redio. Kwa mshona nguo chupa ya chai na vikombe vya maua. Alhamisi asubuhi mtaa mzima ukachangamka kutubebea. Makochi yakagoma kupita mlangoni, tukang'oa mlango. Kinyozi akapiga kelele, "Kumbe wifi mtu anaolewa leo, na sisi hatujaambiwa?" Wifi akaziba uso kwa aibu, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Nasema kweli, tulikuwa na furaha asubuhi ile. Sijawahi kuona chumba chetu kimependeza namna ile.

Nesi peke yake hakucheka. "Shangazi, lakini si wanataka kuona tulivyo?"

"Ndiyo. Na watatuona tumependeza. Vaa viatu."

Mgeni mwenyewe alikuwa msichana tu, mpole, viatu vimejaa vumbi letu jeupe. Akatuamkia vizuri, akakaa, akazama kwenye kochi. Nikammiminia chai. Akaweka fomu magotini, akamgeukia wifi.

"Mama, maisha hapa yakoje? Mna shida gani?"

Sasa nyinyi niambieni. Mgeni kaja kwako mara ya kwanza, hata chai hajaionja, anakuuliza una shida gani. Utaanza kumwaga njaa zako pale? Wifi akaficha mikono yake yenye sugu ndani ya nguo, akajibu kama alivyolelewa.

"Hatuna shida, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

"Na chakula?"

"Hapa hatulali njaa!" nikadakia mimi. Wiki ile tulikuwa tumelala njaa mara mbili.

Msichana akazungusha macho chumbani. "Na vitu hivi vyote ni vyenu?"

Nesi akafungua mdomo. Nilimwona. "Dada, haya makochi..."

Nikamkata jicho, nikaangua kicheko kikubwa. "Haya makochi yanatutia uvivu tu, mgeni wangu! Mtu akikaa hataki kuamka! Ongeza chai, ongeza!"

Nesi akainamisha kichwa. Msichana akaandika. Kalamu yake ilikwenda muda mrefu, nami moyo ukanitulia, nikajua tunaandikwa vizuri.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Nesi alituletea barua machimboni, akaisoma amesimama. "Kaya ya mwombaji inajiweza..."

Inajiweza! Nilirusha nyundo, nikapiga vigelegele. Nilisimama juu ya lundo la mawe nikawaita wenzangu, jamani njooni msikie, wameandika tunajiweza, wameandika kwa muhuri! Nilicheza. Mimi, na umri huu, nilicheza.

Halafu nikauona uso wa mtoto.

"Shangazi, shuka," akasema taratibu. "Wanasomesha wasiojiweza. Nafasi wamempa mtu mwingine."

Kesho yake nilikwenda ofisini kwao. Nilimweleza karani kila kitu, fundi, zulia, redio, mpaka mlango tuliong'oa. Hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza, akafuta miwani yake, akasema, "Mama, kila anayekosa anakuja kuniambia makochi yalikuwa ya jirani."

Nikamwekea mikono yangu mezani, viganja juu. Kidole changu kimoja hakina kucha tangu zamani. Akaitazama, akaniambia pole sana, na nafikiri aliniamini. Lakini majina yalikuwa yamekwisha kupelekwa chuoni, na chuo kinafunguliwa Jumatatu. Nikamwuliza aliyepata ni nani. Akasema ni binti kama wetu, mama yake ni mgonjwa, mgeni alikaribishwa chini, juu ya gunia.

Nilirudi kwa miguu, njia nzima nalia kama mtoto, watu wananipisha. Nilitaka wifi anitukane. Nilimwambia, "Nitukane basi, wifi, sema lolote, nimemwulia mtoto maisha yake." Akanipa maji ya kunywa, akaendelea kupanga vyombo. Angenipiga ningepona. Siku tatu zile hakuna aliyenisema, si yeye, si Nesi.

Jumatatu asubuhi Nesi alitoka pamoja nasi. Hakuna aliyemwambia. Alivaa gauni la zamani la mama yake, akaenda, akakaa katikati yetu, akachukua nyundo na pete ya mpira. Wanawake wote waligeuka upande mwingine. Akagonga jiwe la kwanza, likateleza. La pili likapasuka vibaya. Mikono yake ilikuwa bado laini, imezoea kitambaa na maji ya chumvi.

Baada ya muda akaniuliza, bila kuniangalia, "Shangazi, debe moja linajaa kwa muda gani?"

"Mwanzoni ni kutwa," nikasema. "Lakini ukizoea..."

Nilijua nikilimalizia neno hilo nimemzika pale nilipo mimi, na mama yake, na baba yake.

"Nikizoea?" akauliza.

Wifi yangu, ambaye katika maisha yetu yote hajawahi kunipandishia sauti, akaweka nyundo yake chini.

"Mjibu mtoto," akasema.

"Nusu siku," nikasema.

Nesi akasema, "Sawa," akavuta jiwe lingine.