Mizani ya Griftu

Mizani ya zahanati iliishia kilo mia moja na hamsini. Mwalimu Habibo alipoikanyaga, mshale ulikwenda hadi mwisho, ukakwama hapo. Muuguzi Idman akainamisha uso.

"Mwalimu, nisamehe. Daktari wa Nairobi anataka uzito kamili kabla ya kukupasua. Mizani kubwa ni ile ya sokoni, ya mifugo."

Ndivyo Habibo alivyojikuta katika soko la Griftu, ndani ya kizimba cha chuma wanamopimiwa ng'ombe, jilbabu ameikaza, macho mbele. Kilo mia moja sabini na mbili. Alisubiri kicheko. Lakini wachuuzi wale, watu wasiojua kunyamaza, waligeuka mmoja baada ya mwingine, wakampa visogo hadi aliposhuka. Kumpa mtu kisogo ni dharau. Siku ile kilikuwa sitara.

Nyumbani, mumewe Yakub hakutaka kusikia habari za upasuaji.

"Na nikikupoteza juu ya meza yao?"

"Unanipoteza hapa hapa, Yakub. Kidogo kidogo."

Yakub alijua ni kweli. Kisukari kilikwisha kuanza kumla mkewe macho, na usingizini pumzi zilimkatika, yeye ndiye aliyekuwa akimtikisa apumue. Akaenda msikitini. Aliporudi, akaanza kufunga mizigo ya safari.

Nairobi madaktari walilipunguza tumbo lake la chakula, likabaki jembamba kama ndizi. Haikuwa miujiza. Kwa majuma kadhaa alikunywa maziwa ya ngamia kwa kijiko, akilia kwa njaa ambayo haikuwa ya tumbo bali ya mazoea. Wageni walinuna kwa kuwa hakula nao. Yakub, ambaye hakuwahi kushika sufuria, alijifunza kumchujia supu. Kila alipomletea kikombe alitamka "Bismillahi" kwa sauti kubwa, kama anayelisha mtoto, na Habibo akacheka hadi kidonda kikamuuma.

Mwaka ulipogeuka, kazi ya shule ilimpeleka Wajir mjini. Alipanda pikipiki, mara ya kwanza tangu usichana wake. Kabla hawajaondoka, mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni akaja mbio akipunga mkono.

"Shangazi, sogea kidogo," dereva akamwambia Habibo, wala hakugeuka kumtazama. "Nafasi ya mwingine ipo."

Habibo akaitazama nafasi iliyobaki nyuma yake kitini.

"Alhamdulillahi," akanong'ona. Kisha akasogea.