Nipe Mji, Nikupe Namba

Baada ya wali wa mchana Mbelwa Shekilindi anajilaza kidogo tu, kuupumzisha mguu, na anapofumbua macho, kama kweli ameyafumbua, basi la timu limeshaondoka na timu yake. Anakimbia mpaka uwanjani. Ukuta wa nyuma una kimo cha mtu na nusu, na anapofika, ulimi nje, kiatu cha mwisho ndiyo kwanza kinapotelea upande wa pili. Radi FC leo haipiti geti kubwa. Kamati ya ufundi imekataza, na kamati ya ufundi, kwa asiyeujua mpira wetu, ni wazee wa klabu ambao ufundi wao hauhusiani na mpira hata chembe. Wamenusanusa tangu alfajiri wakasema wenyeji wamefukia kitu getini, anayepita pale miguu yake inabaki nje. Basi watu wazima, wenye ndevu na watoto, wameruka ukuta kama wezi wa kuku. Hata Kocha Mapunda, mwenye cheti cha ng'ambo na kitambi cha hapahapa, amesukumwa makalio na mabeki wawili huku akisema haamini mambo hayo. Mbelwa anaruka, vidole vinateleza. Sudi, anamwita golikipa wao, nipe mkono. Kaka, Sudi anajibu kutoka ng'ambo ya ukuta, wazee wameshamwaga maji yao, ukuta umefungwa. Umefungwa na kufuli gani, Sudi? Muulize aliyeufunga, mimi nina mke.

Huyu Mbelwa, mguu wake wa kushoto ukigusa mpira hata muuza karanga anasahau kuuza. Huyohuyo ndiye aliyemrushia kocha msaidizi chupa ya maji, akatoroka kambini, akala kadi nyekundu akiwa amekaa benchi, jambo linalotaka kipaji cha peke yake. Anajibu kabla hajaulizwa, anapiga kabla hajatazama, anakasirika kabla hajakosewa. Msimu mzima anavaa kizibao cha kijani cha wachezaji wa akiba mpaka wenzake wanamwita Mchicha. Jana kocha kamwambia, kesho unaanza wewe, namba kumi, Lugongo atakaa benchi. Majina yakisomwa nikukute umesimama. Ukizingua, Mbelwa, tafuta timu nyingine, mimi nimechoka kukulea. Na sasa spika ya uwanjani inakohoa, inaanza kusoma kikosi, golikipa, Sudi Mang'enya, na Mbelwa anakimbia kuuzunguka ukuta, anafika geti kubwa, geti liko wazi wala halina mlinzi, na anacheka peke yake, wazee na vitu vyao, na anapita.

Ndani ya geti hakuna uwanja. Kuna barabara ya udongo mwekundu iliyopigwa mstari wa chokaa katikati, na mstari unakwenda, unakwenda, unapinda pasipo kona na kurudi pasipo kugeuka, na Mbelwa anaufuata kwa sababu sauti ya spika iko mbele yake, beki wa kulia, inasema, beki wa kulia, kisha inanyamaza kirefu kama mtu anayetafuta miwani. Kulia kwake kuna mji, kushoto kwake kuna mji uleule, duka la bluu huku na duka la bluu kule, mbuzi anayejikuna shingo kwenye nguzo huku na mbuzi yuleyule kule, isipokuwa kule kushoto, sambamba naye, hatua kwa hatua, anakwenda Mbelwa mwingine aliyevaa jezi namba kumi iliyopigwa pasi. Huyu wa huku akijitazama kifuani anakuta kizibao cha kijani. Anakivua. Chini yake kuna kizibao. Anakivua na hicho. Anaacha kuvua.

Mbele ya duka la bluu amesimama mtu. Ana filimbi shingoni, soksi kazipandisha vizuri, ana kila kitu isipokuwa uso. Pale penye uso pana ngozi laini kama yai la kuchemsha lililomenywa. Kaka, Mbelwa anamwambia, maana ulimi wake huwa wa mwisho kuogopa, uso umeupeleka kwa fundi? Kitendawili, anasema yule mtu. Sina muda, nionyeshe uwanja, majina yanasomwa. Kitendawili, anasema tena, na udongo chini ya viatu vya Mbelwa unaanza kurudi nyuma taratibu, kama mkeka unaovutwa. Haya, tega, tega upesi. Wote wanamfukuza, wakimpata wanampiga... Mwizi, anasema Mbelwa. ...na hakuna anayetaka atoke nje, anamalizia yule mtu. Umekosa. Nipe mji.

Mtoto yeyote aliyekua na bibi anaijua sheria hii: ukishindwa kitendawili unatoa mji, mtegaji anajisifu amefika huko na kukirimiwa, kisha anakutajia jibu. Ni maneno ya jikoni tu, miji yote tuliyogawa utotoni iko palepale ilipokuwa. Mbelwa anasema, chukua Bukoba. Bukoba hujawahi kulala, anasema yule mtu, huwezi kutoa cha watu. Nipe mji wako. Basi chukua Morogoro, nilisoma huko, chukua twende. Nilikwenda Morogoro, anasema yule mtu kwa utulivu, nikafika, wakanichinjia kuku, nikala, nikalala, nilipoondoka niliondoka nao. Jibu ni mpira. Mbelwa anajipiga paji la uso, mcheza mpira mzima kashindwa na mpira, anacheka, na barabara nayo inamhurumia, inasogea mbele, sasa anayaona majukwaa ya uwanja kwa mbali na anazisikia ngoma za mashabiki. Na mpira huu hapa miguuni, umefikaje sijui, na Mbelwa anataka kumpiga kanzu huyu mtu asiye na uso, auchote mpira umpite juu ya kichwa, aupokee nyuma yake, aende zake. Mguu unaingia chini ya mpira kama jembe lililokosea shamba. Mpira unaviringika mtaroni. Anajaribu tena. Kanzu alifundishwa Morogoro, na mwalimu mmoja mrefu, mwalimu nani, alikuwa na baiskeli, au hakuwa nayo, na alikuwa akisema, akisema nini. Kicheko kinamkauka Mbelwa mdomoni. Nirudishie, anasema. Yule mtu anapuliza filimbi na hayupo.

Beki wa kati, inasema spika. Kiungo mkabaji. Mbelwa anakimbia, mstari wa chokaa unakimbia naye, miji miwili inakimbia pembeni, duka, mbuzi, duka, mbuzi, na yule wa jezi iliyopigwa pasi wala hatoki jasho. Kwenye njia panda yenye njia moja amesimama mtu asiye na uso, wa pili, au yuleyule, utamtambua kwa nini. Kitendawili, anasema. Sitegui, anasema Mbelwa, na papo hapo majukwaa yanaanza kuzama nyuma ya vilima, ngoma zinafifia. Tega, anasema, tega basi. Mlango wangu hauna nyumba... Goli, anasema Mbelwa, na anatamani kujing'ata, lakini neno likishatoka limetoka. ...ukiupita hutoki ulivyoingia, anamalizia yule mtu. Nipe mji. Rafiki yangu, anasema Mbelwa, na hapo ndipo unajua hali imekuwa mbaya, maana hajawahi kumwita mtu rafiki, chukua kitu kingine, chukua viatu, ni vipya. Yule mtu anasubiri. Wasio na uso wanajua kusubiri. Winga wa kulia, inasema spika, na Mbelwa anafumba macho na kusema, Tanga mjini. Nilikwenda Tanga, nikafika, wakanipa samaki wa nazi, nikala, nikaondoka nao. Jibu ni geti ulilopita. Na barabara inamrusha mbele kwa nguvu mpaka anaanguka kwa magoti, na akiwa chini pale anajua kuna mtu alikuwa akimsubiri nje ya mazoezi jioni, mtu wa kike, mwenye chapati zilizofungwa kwenye kitambaa na mdomo wa kumsema, ila uso wake ni yai, na jina lake ni yai, na ule ujanja wa kupitisha mpira kati ya miguu ya beki, tobo alizowapiga watu vichochoroni mpaka wakahama mtaa, anautafuta mguuni na mguu unamtazama kama mgeni.

Nyasi zinaanza bila kusema zinaanza. Uwanja huu hapa, mkubwa kuliko ule alioukimbilia, jukwaa hili na lile ni moja, shabiki mmoja akiinua mkono huku anauinua na kule. Timu imesimama kwenye mstari, jezi safi, wachezaji kumi na pengo moja, na hakuna hata mmoja mwenye uso. Kocha wao naye hana, ila ana kitambi, na Mbelwa kwa kukiona kitambi hicho anakaribia kulia. Bosi, anamwambia, nimefika, hawajasoma namba kumi. Hawajasoma, kocha anakubali. Bado kitendawili kimoja. Ukikosa, nipe mji, nikupe namba. Si namba ya leo, Mbelwa, namba ya kila mechi. Huku hakuna benchi. Na nikipata jibu? Unabaki na mji wako, unarudi ulikotoka, kama bado wanakusubiri. Hawa wenzangu, Mbelwa anauliza akiwanyooshea kidole, wao walifanya nini? Walitoa, anasema kocha. Mpira unaviringika kwenye nyasi kuelekea mchezaji wa kwanza, polepole, mpira wa kupokelewa na bibi harusi, na mchezaji anainua mguu, mpira unapita chini yake. Unafika kwa wa pili, unapita. Wa tatu. Wote kumi wana namba mgongoni na hakuna anayeweza kuusimamisha.

Mbelwa amebakiwa na Soni. Soni ya milimani, yenye baridi ya kuvaa sweta mchana, yenye uwanja wa mteremko ambao mpira ukitoka haurudi, unashuka bondeni mpaka mtoni, na sheria ya watoto wa Soni ni moja: aliyeutoa anaufuata. Ndiyo maana mguu wake wa kushoto unaushika mpira kama gundi, na ndiyo maana hataki kumpasia mtu. Mwili wake bado unaogopa bonde. Na juu ya mteremko, kando ya barabara, yupo mama yake na ndoo za peasi na redio, naye kila Jumapili anapiga simu kuuliza, baba, umepangwa? Na Mbelwa kila Jumapili anasema, nilipangwa mama, watangazaji tu hawakunitaja. Na mama anasema, watangazaji hao washenzi. Anaijua sauti yake akisema hivyo, anajua kwamba mama anajua. Akiitoa Soni, hakuna atakayeuliza tena. Anakaa na wazo hilo, na kibaya ni kwamba wazo hilo ni tamu. Winga wa kushoto, inasema spika. Kitendawili, anasema kocha. Tega, anasema Mbelwa kwa sauti ambayo haisikii mwenyewe. Yupo nami kila ninapokwenda, anaanza kocha, na jibu limeshapanda kooni mwa Mbelwa, jibu au jina la mji, linapanda lenyewe kama yalivyozoea maneno yake, na spika inasema, namba kumi, na jukwaa lote la huku na la kule linanguruma, na mdomo wake unafunguka, na neno linatoka, na hasikii ni neno gani, kwa sababu kitu kizito kinampiga kichwani na nyasi zinampokea.

Usiinuke, mtu anasema. Tulia, Mbelwa. Umegongana na kipa wao, mlirukia mpira mmoja. Anga ni moja tu, hilo analiona kwanza. Kifuani ana jezi, si kizibao, na akipapasa mgongoni vidole vinasoma tarakimu mbili, moja na sifuri. Hakumbuki kuvaa. Hakumbuki kuanza, wala kocha alisema nini alipofika, wala kama alifika. Mtu aliyepiga magoti juu yake ana mkoba wa huduma ya kwanza na glovu, lakini jua liko nyuma ya kichwa chake, na pale penye uso pana mwanga mtupu. Vidole vingapi? anauliza. Viwili. Mechi hii... Tunaongoza, anasema Mbelwa. Sijamaliza, anasema yule mtu, nauliza tunacheza na nani. Kutoka pembeni sauti ya Kocha Mapunda inapiga kelele, daktari, anaendelea au namtoa? Nyuma ya sauti hiyo Lugongo ameshavua kizibao, anarukaruka, anaomba dua zake. Akikosa moja zaidi anatoka, yule mtu anamjibu kocha, kisha anainama karibu zaidi, na ananukia dawa ya kuchua, au chokaa.

Swali la mwisho, anasema. Mji...

Ngoma zinafunika lililobaki, naye anatulia kungoja zipungue. Soni imeshafika kwenye ncha ya ulimi wa Mbelwa, au kitu chenye umbo la Soni. Anaogopa kukigusa asije akakuta ni ganda tupu. Ikiwa huyu ni daktari, kila sekunde ya ukimya inamsogeza Lugongo uwanjani, na namba imekwenda, na Jumapili simu italia. Ikiwa siye, neno moja litamaliza kila kitu. Anamsikia kocha akimwita mwamuzi wa akiba. Anasikia kibao cha kubadilisha wachezaji kikigongwa kwenye goti. Mguu wa kushoto unamcheza wenyewe kwenye nyasi, kama unatafuta mteremko.

Sijasikia, anasema Mbelwa. Maliza swali lako.

Na anaubana mdomo, kwa meno, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe anangoja mtu amalize.