Fungu la Karani

Bulle alikuwa amechuchumaa mbele ya hema la karani, gurudumu la nyuma la baiskeli ya injini limelala mapajani mwake, akitafuta mpira. Gia ilikuwepo, ile sahani ya meno inayovutwa na mnyororo wa injini. Bolti zilikuwepo. Lakini gia haifungwi chuma kwa chuma kwenye spoku. Zingekatika kabla baiskeli haijafika mjini Garissa. Hubanwa kwa mipira miwili, mmoja ndani ya spoku na mmoja nje, na kwenye sanduku la karani mipira haikuwemo.

"Mbira hakuna, bwana karani," alisema.

"Tafuta," akajibu Ndirangu, mtu wa bara, ambaye ndiye aliyeamua pale kijijini nani atoke na nani abaki. "Nilikwambia nini mimi? Mashine ikinguruma kabla ya adhuhuri, ngamia wako anatoka na kundi. Isiponguruma, usinisumbue."

Kijiji, ndivyo Serikali ilivyopaita. Mwaka ule wa 67 watu walikuwa wamekusanywa nyuma ya waya ili wasiwalishe shifta, wale waasi wa porini, wakaambiwa wakae na mifugo yao humo humo. Mifugo ikamaliza majani, ikamaliza magome, ikaanza kula miiba ya boma. Bulle alikuwa amebakiwa na ngamia mmoja jike, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimweka hai Nurto, binti yake. Siku hiyo kundi moja lilikuwa linapelekwa kwenye miti ya mtoni, likisindikizwa na askari. Haikujulikana jingine lingetoka lini.

Akavua akala zake za tairi. Akazikata kwa kisu vipande vya mviringo, akatoboa matundu kwa msumari wa moto. Mchanga ulikuwa unaunguza, lakini hakuusikia. Kitu ndani yake kilikuwa kimekufa ganzi siku nyingi.

Hata kazi aliyoijua aliikosea. Alifunga bolti zote, akarudisha gurudumu, akavuta mnyororo, na mnyororo ukaanza kulikwangua tairi. Gia ilikuwa imeangalia kinyume. Zamani angejitukana. Sasa alifungua tu, akaigeuza, akaanza upya, akikaza bolti moja kidogo, kisha ile inayoielekea ng'ambo, ili gia isikae upande. Akalizungusha gurudumu. Halikuyumba.

Ndirangu akapiga pedali, injini ikakohoa, ikanguruma. Karani mzima akacheka kama mtoto aliyepewa andazi.

"Langoni, bwana karani," Bulle alimkumbusha. "Waambie askari."

"Napitia hapo hapo!"

Alipitia kweli. Lango lilifunguliwa, akapunga mkono, akapotea kwenye vumbi la njia ya mjini bila hata kupunguza mwendo.

Bulle alipofika na ngamia, kundi lilikuwa tayari limepangwa nje.

"Wewe warya, rudi," alisema Aketch, askari wa zamu; ndivyo alivyomwita kila mwanamume wa mle.

"Karani amesema nitoe. Walahi, sasa hifi amebita hapa."

"Amepita, sijakataa. Lakini hakuniambia kitu. Nikikutoa bila neno lake, jioni ni mimi nitalala ndani." Hakusema kwa ubaya. Akafunga lango.

Njiani kurudi, ngamia alipiga magoti, na hakuinuka tena. Timiro, mkewe Bulle, alikuja akamshika shingo, akamtazama macho, kisha akamtazama mumewe.

"Baba Nurto, akifa hivi hivi ni nyamafu. Muwahi."

"Na mtoto atakunywa nini?"

Timiro alimpa kisu. Majirani wakasaidia kumwelekeza kibla, Bulle akasema bismillahi, akachoma kwenye shina la shingo. Alingoja uchungu uje. Haukuja.

Kwa desturi yao, anayefika ngamia akichunwa hapiti bila fungu lake, awe ndugu awe mgeni. Bulle aligawa. Wajane walipata, wazee walipata, hata Aketch alipotoka zamu alipewa kipande cha paja, akapokea kwa mikono miwili, akiona haya.

Kabla jua halijazama, baiskeli ikarudi ikinguruma. Ndirangu alishuka, akaona ngozi, akaona damu mchangani.

"Aa, pole, bwana. Nilipitiwa. Lakini mashine inakwenda, we acha tu! Wa langoni nitawaambia kesho." Akangoja. Desturi aliijua, hakuna ngamia aliyechinjwa mle bila yeye kula ini. Watu wakamtazama Bulle. Vipande vya mwisho vilikuwa bado vipo juu ya ngozi, na ini likiwemo.

Bulle akaikunja ngozi taratibu juu ya nyama, akaikalia.

"Kesho," alisema. "Njoo kesho, bwana karani."